Kasoro Kwanza

Oda iliingia Jumatatu saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa nimeshika brashi ya kufutia vumbi mkono mmoja na beji ya klabu ya mpira ya mwaka 1950 mkono wa pili. Simu ililia ule mlio wa duka, ambao siku nyingine hunifanya nitabasamu kabla sijajua nimeuza nini. Nikasoma.

Bidhaa: tramu ya bati ya kuchezea, rangi ya njano. Mnunuzi: Wilmar Pereyra. Ipelekwe: Vigo, Hispania.

Na chini, kwenye kile kisanduku ambacho wateja huandika "tafadhali ifungwe vizuri", alikuwa ameandika: "Kasoro zote nimezisoma. Naichukua hivyo hivyo."

Niliweka beji chini. Nikaweka brashi chini. Halafu nikakaa sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Maite!" shangazi yangu Mirta aliita kutoka jikoni. "Nimesikia imelia. Umeuza nini?"

"Tramu."

"Ile kilema?" Alitokea mlangoni, themosi kwapani na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya kwetu, mkononi. "Miaka mitatu inatutolea macho pale kwenye rafu! Kichaa gani huyo..." Akaniona nilivyokaa. Sauti ikashuka. "Nani?"

"Wilmar. Anataka ipelekwe Vigo."

Shangazi alifyonza chai yake hadi kibuyu kikakoroma. Vigo ndiko aliko Edinson, kaka yake Wilmar, mwenye karakana ya kupaka rangi mashua. Tangu mwaka jana Edinson alikuwa anamwita: njoo, kazi ipo, chumba kipo, tiketi nitakata mimi. Na Wilmar alikuwa anajibu kwamba atafikiria. Mtaa mzima ulijua anachofikiria. Alikuwa ananingoja mimi.

"Basi amekubali," shangazi alisema.

"Amekubali."

"Na wewe umekaa sakafuni."

Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga ofisi ya vifurushi anakofanya kazi, na mwenzake wa kaunta akashangaa kunisikia. "Kumbe hukuambiwa? Alichukua likizo ya mwaka mzima Jumamosi, akatuletea keki. Anavuka leo na meli ya saa saba mchana kwenda Buenos Aires, jioni anapanda ndege. Na vifurushi vyako sasa nani atavibusu?"

Hakuwa ananitania kwa ubaya. Wilmar alikuwa na tabia ya kubandika neno KINAVUNJIKA kwenye kila boksi langu, halafu kulipiga kofi dogo la kuliaga, kama mtu anayempeleka mtoto shule. Wenzake waliita kubusu.

Saa saba mchana. Nilikuwa na saa tatu na nusu za kumrudisha mtu niliyemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

*

Lazima nieleze jinsi ninavyouza, la sivyo hakuna atakayeelewa nilichofanya siku ya Alhamisi.

Marehemu baba yangu alikuwa akitandaza blanketi kwenye soko la barabarani kila Jumapili, akauza vitu vya zamani vya watu wanaopenda kukusanya: kadi za posta, maboksi ya viberiti, beji, vibandiko vya wachezaji, vichezeo vya bati. Alikuwa na kanuni moja. Taja kasoro kwanza, halafu nyamaza. Mnunuzi ana macho. Uzuri atauona mwenyewe. Alipofariki nililihamishia blanketi lake mtandaoni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi mtaa wa Reducto, hapa Montevideo, na kanuni nikaihamisha nayo. Ukifungua duka langu utakuta picha safi zilizopigwa kwa mwanga wa dirishani, na chini ya kila picha, makosa matupu. Ya tramu yalikuwa haya:

"Gurudumu moja la nyuma halipo. Rangi imebanduka pande zote mbili. Kondakta hana kichwa. Ufunguo wa kukazia springi si wake. Hupiga kelele inapotembea, na haitembei mbali."

"Duka lako ni kama chumba cha maungamo," shangazi hupenda kusema. Lakini kwa miaka sita hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kitu. Hilo nilijivunia kuliko chochote.

Hata Wilmar nilimpata hivyo. Siku ya kwanza nilipokwenda kwenye kaunta yake na boksi, aliniuliza ndani mna nini. Nikamwambia: kikombe cha ukumbusho, kina ufa kwenye mkono, maandishi yamefutika nusu, na kuna doa ambalo sijui ni la nini. Aliniangalia kwa muda, kisha akacheka hadi macho yakafumba.

"Bibie, nimekuuliza vilivyomo, sikukuuliza dhambi zake."

Mwezi ule nilipeleka vifurushi vingi kuliko nilivyouza. Vingine nilijitumia mwenyewe.

*

Alhamisi ilikuwa tarehe ishirini na tisa, siku ya nyoki, vile vidonge vya viazi ambavyo kwetu huliwa kila tarehe hiyo, na Bi Elbia, mama yake Wilmar, alinialika chakula cha mchana kwa mara ya kwanza. Wilmar alinipokea kwenye ngazi akanishika vidole.

"Leo nitamwambia," alinong'ona. "Kwamba siendi Vigo. Kwamba tunaoana. Wewe kula tu, mpenzi, usiwe na wasiwasi."

Bi Elbia alipakua nyoki na mchuzi, akavipanga mbele yetu, na kama kawaida ya siku hiyo kila sahani ilikuwa imewekewa sarafu chini yake, iwe baraka ya mwezi. Chini ya sahani yangu hakuweka sarafu ya dukani. Aliweka peso ya fedha ya zamani, ya marehemu mumewe, Don Heber. Sikujua hilo. Nilijua tu kwamba kuna sarafu, na vidole vyangu vikafanya kile ambacho vidole vyangu hufanya. Niliiinua sahani, nikaichukua, nikaielekeza dirishani, nikaigeuza.

"Imesuguliwa," nilisema. "Imeharibika."

Kwa wakusanyaji hilo si tusi. Sarafu ya zamani ikisuguliwa ing'ae, ngozi yake ya miaka imeondoka na hairudi tena. Ni jambo la kwanza kuandika. Lakini pale mezani uma wa Bi Elbia ulisimama hewani.

"Mimi ndiye ninayeisugua," alisema. "Kila tarehe ishirini na nane. Miaka kumi na moja."

Nilijaribu kuomba radhi, lakini yeye alikuwa ameshaweka uma na kukunja mikono.

"Haya, mtaalamu. Na mwanangu je? Umekwisha kumgeuza dirishani? Tuambie umemwonaje."

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema chochote. Lakini mimi nikiogopa hukimbilia kanuni, kama wengine wanavyokimbilia sala.

"Huanza mambo bila kuyamaliza," nilisema. "Rafu aliyonipakia rangi mpaka leo ni nusu njano nusu mbao. Pili, hukubaliana na mtu wa mwisho aliyezungumza naye. Tatu..." Wilmar alikuwa ananitazama kwa tabasamu dogo, tabasamu la mtu anayejua kichekesho kinakuja. "Tatu, anamwogopa mama yake."

Hapo nikanyamaza. Nikainua glasi, nikanywa maji.

Bi Elbia alisimama akaanza kukusanya sahani, zikiwa bado zimejaa. Wilmar alinisindikiza hadi kwenye ngazi, na tabasamu halikuwepo tena.

"Maite, kwa nini?"

"Sikumaliza! Mama yako amesimama kabla sijamaliza."

"Mama alisimama baadaye." Hakupandisha sauti; afadhali angepandisha. "Ulipofika la tatu ulikunywa maji. Glasi nzima. Mimi nilikuwa nangoja. Nilijisemea sasa atasema. Hata moja. Hata kwamba nina meno mazuri."

"Wilmar, wewe unajua ninavyo..."

"Sijui. Ndiyo maana nilikuwa nangoja." Akaegemea ukuta. "Mwaka mmoja na nusu nangoja, na leo mbele ya mama nimeona kwamba hakuna. Ungekuwa nalo, lingetoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda nyumbani, bibie."

Aliniita bibie, kama siku ya kwanza kwenye kaunta. Hilo ndilo lililoniuma hadi Jumatatu.

*

"Unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Nafunga."

"Unafunga nini?"

"Tramu."

"Mama yangu! Mwanamume anavuka mto na wewe unafunga kifurushi!"

"Amelipa, Shangazi."

"Amelipa!" Aliweka themosi mezani kwa kishindo. "Mwone huyu! Ukifa utaandika kasoro za jeneza!"

Niliifunga tramu kwa karatasi laini, kisha kwa kitambaa, kisha nikalijaza boksi magazeti yaliyokunjwakunjwa, kama nifanyavyo siku zote, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ndiyo kiungo pekee kilichojua la kufanya. Nikabandika anwani ya Vigo. Kisha nikafungua ukurasa wa tramu kwenye duka ili niandike, chini ya makosa yake, jambo jema moja. Moja tu. Nilitaka kujua kama naweza.

Nilikaa mbele ya kioo cha simu kwa saa nzima. Niliandika "ni nzuri" nikafuta. Niliandika "inapendeza" nikafuta. Maneno yalikuwa kama ya mtu mwingine, ya wale wauzaji wa mtandaoni ambao kila kitu chao ni cha ajabu na hakipatikani popote. Wakati huo nikaelewa kwamba Wilmar hakunionea. Sikuwa nimekatizwa. Nilifika pale ambapo kanuni ya baba iliishia na sikuwa na njia mbele yangu. Kwa maisha yangu yote sikuwahi kusema uzuri wa kitu chochote kwa sauti. Nilikuwa nimemwachia mwenye macho auone, na mwenye macho alikuwa anaondoka.

Nililia kwa kelele. Shangazi alikuja akanishika kichwa, akakiegemeza tumboni kwake, penye harufu ya vitunguu.

"Nenda," alisema. "Hata usipojua la kusema. Nenda ukawe hujui ukiwa mbele yake."

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Nilichukua boksi nikatoka na sandali za nyumbani.

*

Nyumba ya Bi Elbia ni ghorofa ya nne, na mlango wa chini haufunguki bila mtu wa juu kubonyeza. Nilibonyeza kengele. Spika ikakwaruza.

"Nani?"

"Maite."

"Hatununui kitu." Ikakatika.

Nilibonyeza tena.

"Umekuja kuipima ngazi?" Bi Elbia aliuliza. "Ngazi ya tatu imevunjika. Haya, umeandika? Kwaheri."

"Bi Elbia, naomba nizungumze na Wilmar. Dakika moja."

"Wilmar ameondoka saa nzima iliyopita. Alitaka kufika bandarini mapema. Mimi amenikataza kwenda, anasema nitamliza. Umeridhika?"

Mlango ulifunguka, akatoka bwana mmoja na mbwa mdogo mwenye sweta. Akalitazama boksi langu.

"Binti, kama unauza vitabu, huyo mama usimsumbue," alisema. "Mimi mwenyewe ananiogopesha, na nimekuwa baharia."

Nilingoja apite. Ningeweza kuingia mlango ulipokuwa wazi, lakini sikuingia; nilijua kwamba nikimwona uso wake nitaogopa, na nikiogopa nitarudi kwenye kanuni. Niliweka mdomo karibu na spika. Sikujua kama bado yupo. Nilizungumza na matundu yale kumi na mawili ya chuma.

"Bi Elbia, hukunikatiza Alhamisi. Nimekuwa nikijidanganya kwamba ulinikatiza. Nilinyamaza mwenyewe. Naanza na sarafu. Niliiangalia vibaya. Upande mmoja umelika kuliko wa pili, ule wenye kichwa. Na kwenye kichwa, haikulika sawasawa. Imelika kwa mshazari, pale kidole gumba cha mkono wa kulia kinapokaa. Zimetengenezwa nyingi, mama, lakini iliyolika hivyo ni moja, kwa sababu gumba lako ni moja. Kama ningetakiwa kuiandika dukani nisingejua bei. Ni kitu kilichoshikwa kila mwezi kwa miaka kumi na moja na mtu ambaye hakutaka kukiachia. Hilo ndilo nilipaswa kusema mezani."

Basi lilipita nyuma yangu.

"Na Wilmar..." Nikaegemea mlango. "Wilmar akicheka hufumba macho, kwa hiyo hajui watu wanavyomtazama akicheka. Wazee wakija kaunta na vifurushi, huwasomea ile fomu kwa sauti ya chini ili wasionekane hawaoni. Anajua tarehe aliyokufa baba yangu. Sikumwambia mara mbili. Siku hiyo ikifika anakuja na maandazi, anakaa, hasemi kitu. Ninapomsomea kasoro za vitu anasikiliza kama ninamsimulia hadithi. Na ananingoja. Mama, mimi ni mtu wa polepole, watu wote wananingoja huku wanatazama saa. Yeye hajawahi kuitazama. Amengoja mwaka mmoja na nusu nimwambie kwamba ninampenda, na mimi nilikuwa namwandikia makosa. Nampenda. Sijui kama unanisikia. Nampenda na nimechelewa, na sina pa kwenda kuyasema haya isipokuwa hapa mlangoni kwako."

Nilihesabu yale matundu tena. Kumi na mawili.

"Umemaliza?" spika iliuliza.

"Bado."

"Basi malizia kwenye teksi. Ngoja nivae viatu."

*

Alishuka na koti zuri la kanisani, na chini ya koti aproni ya jikoni. Hakunisalimu. Alipoketi kwenye teksi alifungua mkono: sarafu ilikuwa humo. Akaweka gumba juu yake na kulitazama, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Kweli linakaa," alisema.

"Ndiyo."

"Heber aliniachia ikiwa nyeusi. Nikaona aibu, mume wangu aache kitu cheusi." Akageukia dirisha. "Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa namfuta."

"Hukumfuta, mama. Ulikuwa unamshika."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, taratibu. Dereva aliongeza mwendo bila kuambiwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende Vigo," Bi Elbia alisema. "Siku ileile. Nilimwambia, mwanangu, ukae hapa kwa ajili ya nani? Akaenda kupanga mashati. Kwa sababu la pili ni kweli, msichana. Hukubaliana na mtu wa mwisho aliyezungumza naye." Akakohoa. "Na la tatu pia. Ndiyo maana niliondoa sahani."

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini tulipofika bandarini.

Nilijua tumechelewa kabla sijaona. Ukumbi wa chini ulikuwa mtupu. Abiria wote walikuwa wameshapita upande wa pili wa kioo kikubwa, na pale, katikati ya foleni ya hati za kusafiria, nikaiona shingo yake. Nimeipiga picha shingo ile bila kamera mara elfu. Alikuwa amevaa sweta la bluu nililompa, na begi lake lilikuwa kwenye mkanda wa mizigo, la sita kutoka mwisho.

"Wilmar!" Bi Elbia alipiga kioo kwa kiganja. "Wilmar!"

Kioo kilikuwa kizito. Hakuna aliyegeuka. Msichana wa meli, mwenye skafu shingoni, alikuja mbio.

"Mama, tafadhali, usipige. Uingiaji umefungwa."

"Yule ni mwanangu!"

"Naelewa, mama, lakini bila tiketi sina ruhusa."

Niliona watu wawili wakipita dirisha la ofisa. Walibaki wanne mbele yake. Nikainua boksi.

"Nina kifurushi chake," nilisema. "Ni mteja wangu. Nina duka. Amenunua, amelipa, lazima nimkabidhi kabla hajasafiri. Wewe unaweza kuingia. Nakuomba."

"Dada, hapa si posta."

"Fungua uone. Ni tramu ya bati. Gurudumu moja la nyuma halipo, kondakta hana kichwa..." Nilishindwa kuendelea. Nilikuwa nalia tena, mbele ya mtu nisiyemjua, nikimtajia kasoro za kichezeo. Msichana alinitazama, akamtazama Bi Elbia na aproni yake, akashusha pumzi.

"Upesi," alisema.

"Subiri." Bi Elbia alilifungua lile boksi kwa kucha, akaichomeka peso ya Don Heber kati ya magazeti, akafunga. Mimi nilitoa kalamu ya wino mzito kutoka mfukoni. Ile kalamu haijawahi kuniacha tangu nianze biashara. Nikaikata Vigo kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika mtaa wetu, namba ya nyumba yetu, Reducto, Montevideo. Na chini, kwa herufi zilizopinda: "Uzuri sikuuandika. Ni mrefu. Nikusomee nyumbani."

Msichana aliingia nalo. Walibaki wawili mbele yake.

Alilipokea boksi kama anavyopokea maboksi yote, kwa mikono miwili, akaligeuza kutafuta anwani. Akasoma. Nilimwona akisoma mara ya pili. Akalifungua pale pale, magazeti yakadondoka miguuni pa watu, akatoa tramu, kisha akatoa ile sarafu na kuisimamisha mbele ya uso wake. Hapo ndipo alipogeuka. Alimwona mama yake kwanza. Kisha mimi.

Foleni ikasogea. Ofisa akamwita kwa mkono.

Wilmar akaenda kwa ofisa.

Nilifumba macho. Nilijua. Ni mtu anayekubaliana na wa mwisho aliyezungumza naye, na wa mwisho kumwita alikuwa ofisa yule. Paji langu la uso lilikuwa kwenye kioo na kioo kilikuwa baridi. Nilijiambia nitabaki hapo hadi meli ipige honi, kisha nitampeleka Bi Elbia nyumbani, nitampikia kitu, kisha sijui.

"Fumbua macho," Bi Elbia alisema, akanifinya mkono hadi nikaumia. "Fumbua, mjinga wewe. Alikwenda kuuliza njia ya kutokea."

Alitokea kwenye mlango mdogo wa pembeni, tramu kwapani, magazeti yamenasa kwenye sweta. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Hakunikumbatia. Alikuwa anangoja, na safari hii nilijua anangoja nini.

"Anwani ya kifurushi imekosewa," alisema.

"Haikukosewa."

"Nilichoandika kwenye oda..." Akaitazama tramu. "Haikuwa kuhusu tramu."

"Najua. Nilikaa sakafuni."

"Haya. Soma."

Nilivuta pumzi. Nyuma ya kioo watu walikuwa wanatutazama, na yule msichana wa skafu pia.

"La kwanza," nilisema, "unaningoja. La pili, unanisikiliza. La tatu, nakupenda, na hilo si lako, ni langu, lakini nimeliweka kwenye orodha kwa sababu lilikosa mahali pa kukaa."

Alicheka. Macho yakafumba. Nikavuka zile hatua tatu akiwa hajayafumbua, nikamshika sweta kwa mikono yote miwili, na tramu ikabanwa katikati yetu ikalia ule mlio wake mbaya.

Ni Bi Elbia aliyetuachanisha. Alikuwa ametazama juu ya bega la mwanawe, upande wa pili wa kioo, ambako mkanda wa mizigo ulikuwa unamalizia kuzunguka.

"Wilmar. Begi lako liko wapi?"

Wilmar aligeuka. Begi la mwisho lilikuwa linapita kwenye mapazia ya mpira, likaingia, likapotea kwenda Buenos Aires.

"Limetangulia," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mashati?"

"Yamo."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Bi Elbia alifunga vifungo vya koti lake juu ya aproni, kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akaichukua ile sarafu mkononi mwa mwanawe, akanitia kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake.

"La nne," aliniambia. "Msahaulifu. Liandike."